Self-Help Plus kwa vikundi vya akina mama Nyanda za Juu Kusini: inafaa, ila pima spika kwanza

Anayetaka kuwasaidia kisaikolojia wajane, mabinti waliozalia nyumbani au akina mama wanaoishi na VVU huku kwetu hukwama mahali pamoja: wataalamu hawatoshi. Self-Help Plus, au SH+, kozi ya Shirika la Afya Duniani (WHO), imetengenezwa kwa mazingira ya namna hiyo. Ni vikao vitano vya saa mbili, kwa kawaida kimoja kwa wiki, na kikundi kinaweza kufika watu 30. Somo limerekodiwa kwa sauti. Wawezeshaji wawili, ambao si lazima wawe wataalamu, huwasha sauti, huonyesha mazoezi na kuongoza mazungumzo mafupi. Kila mshiriki hupata kitabu cha picha, hivyo hata asiyejua kusoma haachwi nyuma. Mwongozo unapatikana bure WHO. Gharama yako ni uchapaji, spika, nauli na mafunzo ya wawezeshaji.

Kozi hii imepimwa. Katika makazi ya wakimbizi ya Rhino, Uganda, ilijaribiwa kwa karibu wanawake 700 kutoka Sudan Kusini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba miezi mitatu baadaye msongo wao ulikuwa umepungua kuliko wa wenzao ambao hawakupitia kozi.

Ndani yake kuna stadi tano: kujikita, kujinasua, kutenda unayoyathamini, kujifanyia upole na kuyapa nafasi maumivu. Ya pili ndiyo akina mama huishika haraka. Wazo zito likikukamata, unaligundua, unalitaja kimoyomoyo, “hili hapa wazo kwamba mimi ni mzigo”, kisha unarudisha akili kwenye kazi iliyo mkononi: majani ya chai unayochuma, sufuria unayosugua. Hulifukuzi wazo wala hubishani nalo.

Stadi ya tatu ndiyo inayogusa tumaini moja kwa moja, na ndiyo huharibika zaidi. Mshiriki anatakiwa achague tendo dogo la wiki hiyo. Mwezeshaji asipokuwa makini, mama ataandika “kusomesha watoto”. Wiki ijayo anarudi hajafanya kitu na amevunjika moyo zaidi, kwa sababu tumaini linataka njia unayoiona na imani kwamba unaweza kuipita. “Alhamisi nikitoka shambani nitakaa na binti yangu robo saa tupitie daftari lake” ni tendo. Mwulize siku, saa, mahali na kitakachomzuia. Asipoweza kujibu, lipunguzeni tena.

Udhaifu mkubwa kwa mikoa yetu ni sauti yenyewe. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua ikipiga bati lisilo na dari, kuanzia safu ya pili hakuna anayesikia, na zoezi la kupumua linageuka kelele. Panga kozi kati ya Juni na Oktoba, au tafuta ukumbi wenye dari na ufanye asubuhi. Tumia spika ya betri iliyochajiwa usiku, na kabla ya watu kuingia kaa wewe mwenyewe safu ya nyuma usikilize. Kama wapo bibi wanaoelewa Kinyakyusa au Kihehe kuliko Kiswahili, usitafsiri sentensi kwa sentensi juu ya rekodi. Muda unakwisha, na ule ukimya ulioachwa makusudi kwenye rekodi ili watu wafanye zoezi unapotea. Rekodi mapema kwa lugha yao, msomaji awe mtu mwenye sauti tulivu.

Ukimya huo huwasumbua wawezeshaji pia. Wengi huujaza kwa mahubiri. Katika mafunzo yao, wafundishwe kunyamaza.

Usikipe kikundi jina linalotaja VVU wala ujane. Mtaa mzima utajua. Siku ya kwanza sema wazi kwamba hakuna mkopo wala posho, maana wengi wamezoea VICOBA na watasubiri. Weka mtu wa kushika watoto wadogo. Kwa wachuma chai wa Mufindi na Rungwe wanaolipwa kwa kilo, kikao cha asubuhi siku ya kazi ni kuwanyima chakula.

SH+ haimwondoi mtu hatarini. Mama anayepigwa hahitaji kufundishwa kujinasua na hofu. Hofu yake ni ya kweli. Kabla ya kikao cha kwanza uwe umeshakubaliana na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri na kituo cha afya. Anayetaja kujiua aonwe faragha na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kwa kupima mabadiliko, maswali matano ya WHO-5, kipimo cha WHO cha hali njema ya mtu, yanatosha: kila jibu 0 hadi 5, jumla unazidisha kwa 4 upate alama kati ya 100. Uliza kabla ya kozi, mwishoni, na tena baada ya miezi mitatu. Kipimo cha pili kikiangukia wakati wa kuuza mahindi, usiisifu kozi mapema: huenda ni pesa iliyopandisha alama.

Kwa kikundi cha watu 20 hadi 30 tungeanza na hii. Ukiwa na akina mama wanane wenye matatizo yanayoweza kutatuliwa hatua kwa hatua, chukua Problem Management Plus ya vikundi, nayo ya WHO, nayo ya vikao vitano. Hiyo inataka wawezeshaji waliofunzwa zaidi na wanaosimamiwa kila wiki.