Gundi za roketi ndogo: hukumu ya seremala

Nimeshika gundi tangu nina miaka tisa, kwenye karakana ya baba yangu kule Tanga, na mpaka leo ndiyo inayonilisha: natengeneza makabati ya jikoni hapa Columbus, Ohio. Binti yangu aliponiletea boksi lake la kwanza la roketi ndogo ya kuunda na kurusha, nilifungua nikaona mrija wa karatasi nzito, vipande vya balsa, yaani mbao nyepesi sana, na pete za kadibodi. Nikasema moyoni, hii kazi naijua. Misimu mitatu imepita, tumeunda roketi saba, na karibu kila aina ya gundi inayotajwa kwa kazi hii imepita mikononi mwangu. Naandika kwa mzazi aliyesimama mbele ya rafu ya gundi dukani, mtoto pembeni anamvuta shati, naye hajui ashike chupa ipi.

Ninayoirudia kila mara ni Titebond II, gundi ya manjano ya mbao. Inatengenezwa na Franklin International, kampuni ya hapa hapa Columbus iliyoanza mwaka 1935, ila ningeisifu hata ingetoka mbali. Chupa moja ya wakia 8, kama mililita 237, imetufikisha roketi nne na ukiitikisa bado inasikika. Kwa karatasi na balsa sijaona ya kuishinda. Ni gundi ya maji, kwa hiyo nyuzi za karatasi na za mbao huinywa kwanza ndipo ikauke. Ikishakauka huwezi kuonyesha karatasi imeishia wapi na gundi imeanzia wapi.

Niliamini kabisa mwezi wa sita mwaka jana. Tulirusha Big Bertha ya Estes, kampuni ya roketi ndogo, roketi nene ya sentimita 61 yenye mapezi manne ya balsa, yale mabawa madogo ya mkiani. Upepo ukaupeperusha mwavuli wake hadi kwenye maegesho ya magari, ikatua juu ya lami na pezi moja likavunjika. Usiku nikaiweka mezani chini ya taa. Balsa ilikuwa imepasuka kufuata nyuzi zake, upana wa ukucha kutoka kwenye kiungo. Kiungo chenyewe kizima. Nilipokibandua kwa kisu ili niweke pezi jipya, kilitoka na ngozi ya mrija, karatasi ya ndani ikabaki wazi, nyeupe, yenye manyoya. Binti yangu akaipapasa kwa kidole.

"Baba, gundi imegoma. Mbao ndiyo iliyosalimu amri."

"Ndivyo tunavyotaka, mama," nikamwambia. Ana jina la mama yangu, ndiyo maana namwita hivyo.

Lakini gundi hiyo haikufika hapo kwa kumiminwa tu. Mrija wa roketi unatoka kiwandani na ngozi laini inayong'aa, na juu ya ngozi hiyo gundi ya maji inakaa kama tone la maji kwenye jani la mgomba. Chora mistari ya mapezi, kisha pitisha msasa laini juu ya mistari mpaka mng'ao uondoke. Usichimbe. Halafu paka gundi kidogo sana kwenye ukingo wa pezi na kidogo kwenye mstari wa mrija, vikutanishe, vitenganishe, uviache dakika chache hadi vikauke nusu. Paka tena utando mwembamba, bandika, shikilia kwa mkono kama dakika moja. Safari hii pezi linang'ang'ania palepale, huhitaji kibanio wala mkanda. Watu wa roketi wanafanya hivi miaka na miaka. Mimi nilikuwa nikifanya vilevile kwenye vipande vidogo vya mapambo ya makabati bila kujua kwamba wengine wanakuita kufunga gundi mara mbili. Na kabla ya yote angalia nyuzi za balsa ziende sambamba na ukingo wa mbele wa pezi. Zikilala upande mwingine, hakuna gundi duniani itakayokusaidia.

Sasa nieleze mahali pa kwanza ambapo gundi ya manjano siitumii, kwa sababu hapo watu wengi wanaharibu roketi ya kwanza, na mimi na miaka yangu yote ya karakana niliiharibu pia. Injini ndogo hizi, zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 70, hukaa ndani ya mrija mwembamba, na mrija huo hushikwa katikati ya mwili wa roketi kwa pete mbili. Unapaka gundi ndani ya mwili, unasukuma nyumba ya injini iingie. Pete inabana, karatasi inanyonya maji na kuvimba, na gundi ya manjano inakamata palepale. Ya kwetu iligoma sentimita tatu kabla ya mwisho. Nilisukuma kwa kiganja, nikasukuma kwa mpini wa nyundo, mrija ukaanza kukunjamana mkononi. Muda wote huo haukufika hesabu ya kumi. Binti yangu alikuwa ameshalipaka rangi lile pua la roketi, akabaki amelishika.

Kwa kazi hiyo ya kuteleza tumia gundi nyeupe. Mimi natumia Elmer's Glue-All, kwa kuwa inakupa nafasi ya kupumua kabla haijashika. Soma chupa vizuri, maana ile iliyoandikwa kwamba ni ya shule imetengenezwa ifulike kwenye nguo, na haina nguvu sawa. Pima kwanza pete zikiwa kavu. Zikibana, zipunguze kwa msasa. Weka alama ya penseli kwenye kijiti kuonyesha pete itafika wapi. Paka gundi ndani ya mwili, usipake kwenye pete, kisha sukuma kwa mwendo mmoja bila kusimama. Ukisimama kufikiri, umeshachelewa.

Baada ya mapezi kushika, kila kona ya pezi na mwili inajazwa gundi, na hapa nimebadili mawazo. Nilikuwa nikitumia ileile Titebond II, lakini kwa kuwa karibu nusu yake ni maji, ikikauka inanywea, inaacha bonde na vishimo vya mapovu. Inabidi upake mara mbili au tatu, nyembamba nyembamba, roketi ikiwa imelala ili gundi isitiririke. Titebond Quick & Thick ni nzito kama uji uliokolea, inabaki ulipoiweka, na inakauka bila kubonyea sana. Chovya kidole kwenye maji, kipitishe mara moja kwenye kona, basi. Binti yangu anazipitisha nzuri kuliko mimi, kidole chake ni chembamba.

Hapo kwenye kona ndipo watu wanaingiwa na tamaa ya epoksi, ile gundi ya sehemu mbili zinazochanganywa. Nawaelewa. Epoksi inang'aa, ni ngumu kama kioo, na maneno kwenye paketi yanavutia. Lakini epoksi haina maji ya kuondoka: unachopaka ndicho kinachobaki, na chote kinabaki nyuma, kwenye mapezi. Roketi inanyooka hewani kwa sababu kitovu cha uzito wake kiko mbele ya kitovu cha msukumo wa hewa, na desturi ni kuacha kati ya vitovu hivyo viwili nafasi isiyopungua kipenyo kimoja cha mwili. Kila gramu unayoongeza mkiani inavuta kitovu cha uzito kurudi nyuma. Kwenye roketi ya karatasi yenye injini ya herufi C (herufi hutaja ukubwa wa nguvu ya injini, na kadiri inavyosonga mbele ndivyo nguvu inavyokua), ambayo nguvu yake yote haizidi newton-sekunde 10 na inaungua chini ya sekunde mbili, karatasi itachanika kabla ya kiungo cha gundi ya mbao kuachia. Nguvu ya ziada ya epoksi haina pa kwenda.

Epoksi ina mahali pake. Roketi yetu ya saba ina mapezi ya plaiwudi yanayopita ukuta wa mwili hadi kwenye mrija wa injini, na injini yake ni ya herufi G. Hapo nilitumia epoksi ya dakika 30, inayokupa muda wa kupanga mapezi, na kwa kile kifuniko cha chuma kinachoshikilia injini nikatumia J-B Weld, epoksi ya chuma, ambayo imetengenezwa kuhimili joto la hadi nyuzi 550 za Fahrenheit, kama 288 za Selsiasi. Chuma kwanza nilikikwaruza kwa msasa na kukifuta kwa spiriti. Kazi hiyo niliifanya mwenyewe nimevaa glavu za nitrili, dirisha wazi. Ngozi ikishapata mzio wa epoksi, mzio huo hauondoki, na nimeona mafundi wenzangu mikono ikiwatoka malengelenge. Mtoto simpi.

Supa gluu? Ni msaidizi. Inakamata upesi lakini ikikauka inavunjika kirahisi kama ganda la yai, na pezi lililoshikwa nayo peke yake linaruka likipata pigo la kutua. Mimi naidondoshea kwenye midomo ya mirija ili isichakae, na kwenye ncha za balsa ziwe ngumu. Usiipanguse kwa pamba: pamba na gundi hiyo vikikutana vinatoa joto la kuunguza vidole na moshi unaowasha macho.

Gundi ya bunduki, ile ya vijiti vinavyoyeyushwa kwa umeme, naomba ibaki kwenye maua ya karatasi. Roketi yetu ya pili tuliifunga nayo kwa sababu tulikuwa na haraka. Ikakaa ndani ya gari mchana wa Julai. Tulipoitoa mapezi yalikuwa wima, nami sikuyajaribu kwa mkono kama nilivyopaswa. Ilipaa mita chache, pezi moja likachomoka, roketi ikaanza kupiga sarakasi chini chini juu ya nyasi. Tulikuwa tumesimama futi 15, umbali ambao sheria za usalama za National Association of Rocketry, chama cha warusha roketi cha Marekani, zinautaka kwa injini hadi herufi D, na siku ile ndipo nilipoelewa kwa nini uliwekwa. Binti yangu alinishika mkono mpaka gari lilipowaka. Kitu kinacholainishwa na joto hakifai kukaa jirani na moto.

Jambo moja la majira ya hapa. Gereji ya Ohio mwezi wa Machi ni baridi, na Titebond II inataka joto lisilopungua nyuzi 55 za Fahrenheit, karibu 13 za Selsiasi. Chini ya hapo inakauka nyeupe kama vumbi la chaki, na kiungo cha namna hiyo hakina nguvu. Fanyia kazi jikoni, na chupa nayo ilale ndani, isiachwe igande. Acha kiungo saa 24 kabla ya kurusha, hata kama kwa kidole unaona kimeshakauka.

Kwa anayeanza leo, nunua chupa mbili: Titebond II ndogo na Elmer's Glue-All ndogo. Ya tatu, Quick & Thick, inunue ukifika kwenye kona. Kwenye sanduku letu la uwanjani kuna supa gluu moja, kipande cha msasa na vijiti vya meno, kwa pezi litakalolegea kabla ya kurusha. Likishalegea mara mbili, roketi hiyo inarudi nyumbani ikafungwe upya kwa gundi ya mbao, hata binti yangu akinuna njia nzima.