Lumon Wanauza Nusukaputi: Nazipitia Tiori za Severance

Wadau habari zenu, karibuni tena, leo nimewaletea ile kitu mliyokuwa mnanidai kwenye komenti tangu sizini ya pili iishe, yaani Lumon, ile kampuni ya kwenye tamthilia ya Marekani ya Severance, na nasema mapema kabisa kwamba namwaga kila kitu, sizini zote mbili mpaka dakika ya mwisho. Kama hujaangalia basi simamisha video hapa, nenda kaangalie, utanikuta palepale.

Kwa aliyeangalia zamani nikumbushe fasta. Lumon wana chipu, wanakupasua kichwa wanaipandikiza kwenye ubongo, ukiingia kwenye lifti ya kazini kumbukumbu zote za nyumbani zinazima, ukitoka jioni zile za kazini nazo zinazima. Unakuwa watu wawili, mi nawaita wa nje na wa ndani. Wa nje anapokea mshahara. Wa ndani hajawahi kuona jua, hajui kama ana mke au ana watoto, usingizi wenyewe hajawahi kuulala, maana kwake lifti ikifungwa jioni inafunguka hapohapo ni asubuhi ya kazi tena. Mark Scout, anayechezwa na Adam Scott, amekubali kufanyiwa hivyo kwa sababu mke wake Gemma amefariki, au ndivyo alivyoambiwa, na anachotaka ni masaa nane tu kwa siku ambayo haumii.

Hilo neno haumii lishikeni.

Sasa sizini ya kwanza ilitoka Februari 2022, episodi tisa, ikatuacha njia panda kabisa, afu tukangoja karibu miaka mitatu, mgomo wa Hollywood wa 2023 nao ukaingia katikati, mpaka Januari 2025 ndo ya pili ikaja. Miaka mitatu watu wana maswali na majibu hakuna, mlitegemea nini? Watu walikuwa wanasimamisha picha mojamoja, wanasoma kila maandishi, wanakuta jimbo limeandikwa PE, na Marekani hakuna jimbo la PE, hata mji wenyewe wameupa jina la mwanzilishi wa kampuni, Kier. Na swali lililokuwa linazunguka ni moja tu, hawa jamaa wanauza nini? Maana wafanyakazi wanakaa kwenye kompyuta za kizamani wanaangalia namba zinaelea kwenye skrini, namba zikimtisha mtu au zikimpa hisia fulani anazikusanya anazitupa kwenye kapu, basi, hiyo ndo kazi, na wao wenyewe hawajui ni ya nini.

Hii mi iliniuma tofauti kidogo. Nina binamu yangu yuko Nairobi, alifanya ile kazi ya kuweka lebo kwenye data za kompyuta, siku nzima anachora viboksi kuzunguka watu na magari kwenye picha, picha moja, nyingine, nyingine, na nilipomuuliza hizi zinaenda kufanya nini akasema hawajaambiwa na ukiuliza sana unaonekana msumbufu. Kwa hiyo watu wanaosema ile ofisi ya Mark ni kitu cha kufikirika mimi nawaelewa ila sikubaliani nao.

Haya, tiori. Tuanze na mbuzi maana mbuzi ndo waliowavuruga watu kuliko kitu kingine chochote. Mark na Helly, mfanyakazi mwenzake, wanapotea kwenye makorido, wanafungua mlango, wanamkuta jamaa kavaa kiofisi ananyonyesha vitoto vya mbuzi kwa chupa, anawafokea kwamba bado hawajawa tayari, wanafukuzwa, na hakuna maelezo. Kuanzia siku hiyo kila mtu akawa anasema kloni. Lumon wanatengeneza watu, mbuzi ni majaribio kama yule kondoo Dolly wa Scotland wa 1996, na Gemma ambaye tunamuona mle ndani akiitwa Ms. Casey ni kloni ya marehemu. Niliiamini hii kwa miaka, niliitetea mpaka usiku wa manane.

Afu ikaja episodi ya mwisho ya sizini ya pili na tukaambiwa mbuzi ni wa kuuawa, azikwe pamoja na Gemma, roho yake imwongoze mama wa watu mpaka kwa Kier. Yaani kafara! Nilikaa nikashika kichwa. Sisi tuna neno lake kabisa, mtoto wa darasa la tatu huku kwetu ukimwambia kuna tajiri ana jengo, chini kuna chumba hakiingiliki, kwenye chumba kuna mbuzi wanatunzwa vizuri kuliko wafanyakazi, atakwambia ni kafara kabla hujamaliza sentensi, na sisi tulikuwa tunahangaika na maabara na vinasaba. Ila hata hapo, mbuzi anatuambia Lumon wanaabudu nini, hatuambii wanauza nini.

Tiori ambayo mashabiki waliipata kwa haki kabisa ni ya Helena. Sizini ya pili inaanza, Helly anarudi kazini, wenzake wanaulizana uliona nini ulipoamka nje, maana mwisho wa sizini ya kwanza wa ndani waliamshwa wakiwa nje, yeye anajibu aliamka kwenye nyumba ya kawaida tu akamuona mtunza bustani wa usiku. Mtunza bustani wa usiku! Sisi tulishamuona Helly kaamka kwenye sherehe ya Lumon, kajigundua kumbe yeye huko nje ni Helena Eagan, mtoto wa mwenye kampuni, kapanda jukwaani kuwasema. Kwanini adanganye? Watu wakasema siku ileile huyu sio Helly, huyu ni Helena kaingia mwenyewe kupeleleza. Britt Lower alikuwa anaigiza mtu anayeigiza mtu, ukirudia kuangalia unaona mabega tofauti, unaona kicheko kinachelewa. Ikathibitika episodi ya nne, Irving, mwenzao wa ofisini, anamzamisha kichwa kwenye maji ya baridi mpaka Milchick, msimamizi wao, analazimika kumrudisha Helly wa kweli. Irving naye alianzia kwenye hilohilo la mtunza bustani, kama sisi.

Lakini kwangu ufunguo wa kampuni nzima uko sehemu ambayo watu waliilalamikia. Episodi ya nane, ile ya Cobel, aliyekuwa bosi wa Mark, peke yake, imepigwa kule Newfoundland, baridi, bahari, mji umekufa. Watu walisema inaboa, imevunja mwendo. Jamani rudieni ile episodi. Cobel anarudi alikozaliwa, tunakuta Lumon walikuwa na kiwanda cha etha pale, watoto walikuwa wanafanya kazi mle, yeye akiwa mmojawapo, kiwanda kimefungwa, watu wamebaki wagonjwa na wengine bado wanavuta etha yenyewe kama ulevi. Hata jina la episodi, Sweet Vitriol, linatokana na jina la zamani la etha.

Na etha ni nini? Nusukaputi. Oktoba 1846, Boston, daktari wa meno anaitwa William Morton alimvutisha mgonjwa etha mbele ya madaktari, akakatwa uvimbe shingoni hajapiga kelele, na hiyo ndo ilifungua upasuaji wa kisasa duniani. Sasa kwenye hadithi yetu Lumon inaanza 1865, mwaka ambao vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vinaisha, nchi imejaa watu waliokatwa miguu na mikono, na Kier Eagan anaanza kuuza nini? Dawa ya kupaka. Afu etha. Afu chipu. Mnaona mstari? Miaka zaidi ya mia moja na hamsini bidhaa ni ileile, wanabadilisha chupa tu. Ndo maana nasema Lumon wanauza nusukaputi na wamekuwa wakiuza hiyo toka mwanzo.

Rudini sasa sizini ya kwanza, yule mke wa seneta, Gabby. Dada yake Mark, Devon, anakutana naye kwenye zile nyumba za kujifungulia, wanaongea vizuri tu, baadaye wanakutana tena, Gabby hamjui kabisa. Kwa sababu aliyejifungua sio yeye. Alikuwa na mwanamke mwingine ndani yake wa kubeba uchungu wa kuzaa, akimaliza anazimwa, mama anaamka amebeba mtoto. Wachache waliikamata hii mwaka 2022 wakasema huyu Gabby ndo mteja, bidhaa yenyewe ndo hii, na wengi wakawapita wanakimbilia kwenye kloni.

Afu Gemma. Yuko hai, wamemfungia ghorofa ya chini, anaingizwa chumba kimoja baada ya kingine, na kila chumba kinamwamsha mwanamke mpya ndani yake. Kimoja ni ndege inayumba hewani, kimoja anaandika kadi za shukrani mpaka mkono unamuuma, kimoja kinaitwa Wellington, ni kwa daktari wa meno, na yule wa ndani wa Wellington maisha yake yote ni kiti cha daktari wa meno, hakuna kingine anachokijua. Daktari wa meno! Nilipokumbuka Morton nilisimama. Sijui kama waandishi walikusudia lakini mi siwezi kuacha kuliona.

Na zile namba ndo hizo. Cobel anamwambia Mark waziwazi, namba ni mke wako. Yale makapu ni zile hisia nne za Kier, huzuni, furaha, hofu na ubaya, na kila faili Mark alilomaliza limemtengeneza Gemma mwingine. Mume anakaa ghorofa ya juu anampasua mke wake vipandevipande kwa kutumia hisia zake, kwa sababu hakuna anayemjua kama yeye, na wala hajui anachofanya, anapewa na zawadi.

Faili la mwisho ni Cold Harbor. Jina hilo ni la vita kweli, Virginia, 1864, Jenerali Grant aliwatuma watu wake wakafyekwa maelfu kwa muda mfupi sana, na mpaka anaandika kumbukumbu zake alikuwa bado anajutia lile shambulio la mwisho. Kwenye chumba cha Cold Harbor hakuna risasi wala damu, kuna kitanda cha mtoto. Gemma na Mark walihangaika kutafuta mtoto, mimba ikatoka, na sasa anaambiwa akifungue kile kitanda, na anakifungua skrubu mojamoja, uso mkavu, na wale wazee wanaangalia kwenye skrini wanafurahi kwamba haumii. Mi nimeangalia mara nne na bado siwezi kuangalia bila kusimamisha. Hapo wanapima kama dawa inafika mpaka kwenye uchungu wa mwisho kabisa alionao mtu.

Tofauti na etha ni hii, na hapa ndo napowachukia Lumon kwa moyo wote. Ukivuta etha hakuna anayeumia, wewe umelala. Ya Lumon haiondoi maumivu popote, inamtafutia mtu mwingine wa kuyabeba, na mtu huyo inamtengeneza humohumo ndani yako, hana jina la ukoo, hana pa kwenda kulalamika.

Ile tiori kwamba wanataka kumfufua Kier kwenye mwili wa mtu, sawa, yule mzee Jame Eagan anaongelea kitu anakiita kuzunguka kwake, na huenda kuna kitu kinakuja. Ila Jame huyohuyo kwenye sherehe anamwambia binti yake kwamba dunia nzima itakuwa na chipu, wote watakuwa watoto wa Kier. Huhitaji kumfufua mtu ambaye umeshamweka kwenye kichwa cha kila mtu.

Nimguse Milchick pia, maana watu mnaniuliza. Lumon wanampandisha cheo afu wanampa zawadi ya michoro ya Kier aliyepakwa rangi kuwa mtu mweusi, na anatakiwa ashukuru, na ile sura ya Tramell Tillman pale, mdomo unatabasamu na macho yamekufa, peke yake inatosha. Tillman amechukua tuzo ya Emmy 2025, mwanaume mweusi wa kwanza kushinda kwenye kipengele cha mwigizaji msaidizi wa drama, na Britt Lower akachukua ya mwigizaji mkuu. Ukiniuliza tiori yangu mimi, Milchick ndo atakayeiangusha Lumon, sio Mark.

Kwa sababu Mark, ile dakika ya mwisho, mliiona. Amemfikisha Gemma mlangoni, kamsukumia nje kwenye ngazi, amebaki ndani, Gemma anapiga kelele anamwita, yeye anageuka anamfuata Helly. Watu walimtukana sana. Mi nilimuelewa, kwa sababu yeye ni Mark wa ndani, ni dawa ya mtu mwingine, akivuka ule mlango ameisha, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza kama anakubali kuisha.

Mniachie komenti kuhusu Irving sasa, maana yeye ndo hajafungwa. Yule mzee alikuwa anachora ileile korido nyeusi yenye lifti mwishoni, picha moja mara mia, akiwa nyumbani kwake, yeye wa nje, na lifti hiyo ndo inayoshuka alikokuwa Gemma. Wa nje hatakiwi kuijua. Nani alimuonyesha?