Kununua leseni ya CPL: unalipia nini, na kazi gani nyingine zingeweza kupata fedha hiyo

Ukimwuliza mtu kama urubani unalipa, utatajiwa mshahara wa kapteni wa Boeing 787. Jibu hilo linamhusu mtu aliyekwisha kukaa kazini miaka mingi. Mzazi anayeuza kiwanja Kitengela au Kigamboni ili mwanawe akasomee uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, ananunua kitu kingine: leseni ya urubani wa biashara, yaani CPL, yenye saa 200 hivi za kuruka, pamoja na nafasi kwenye foleni ndefu. Hapa tunapima hicho kinachonunuliwa, bei yake na kinachofuata baadaye, tukikiweka kando ya udaktari, ufundi wa ndege, uongozaji ndege na ubaharia. Msimamo wetu tuuseme mapema. Mshahara wa mwisho wa urubani ni mzuri na hauna ubishi. Kinachoamua kama fedha ilikwenda mahali pake ni miaka ya kati, tangu saa ya 200 hadi ya 1,500.

Kwanza leseni yenyewe. Kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, CPL ya ndege hutolewa kwa mtu mwenye umri usiopungua miaka 18 aliyeruka saa 200, au 150 akiwa kwenye kozi iliyoidhinishwa mwanzo hadi mwisho. Ndani ya saa hizo lazima ziwemo 100 akiwa ndiye rubani mkuu (70 kwa kozi iliyoidhinishwa), safari moja ya kilomita 540 au zaidi yenye kutua viwanja viwili tofauti, saa 10 za mafunzo ya kuruka kwa vyombo, na saa 5 za usiku kwa atakaye kuruka usiku. Idhini kamili ya kuruka kwa vyombo, IR, ina hesabu yake ya saa 40 za vyombo, ambazo sehemu yake hufanywa kwenye simuleta. Halafu kuna idhini ya injini mbili. CPL tupu isiyo na IR wala injini mbili ni vigumu mno kuiombea kazi, kwa hiyo tangazo la shule likisema "CPL kamili" uliza kwa maandishi kama hizo mbili zimo. Mara nyingi hazimo, na hapo ndipo bei nafuu inapotokea.

Sasa fedha. Tufanye hesabu ya mfano, nawe utaweka bei uliyopewa na shule yako. Tuseme Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, ni dola 220 kwa saa pamoja na mkufunzi, na ndege ya injini mbili ni dola 500. Saa 180 za ya kwanza ni dola 39,600, na saa 20 za ya pili ni 10,000. Jumla 49,600. Ongeza asilimia 15, kwa sababu wanafunzi wanaomaliza kwa saa za chini kabisa ni wachache: 57,040. Hapo hujalipa chumba, chakula, mitihani, ada za kutua, daktari wala mkaguzi wa jaribio la mwisho. Ukiona bajeti ya shule imepigwa kwa saa 200 kamili bila hata saa moja ya ziada, jua imeandikwa ili ikuvutie.

Kwa nini saa ni ghali hivyo? Cessna 172 hunywa lita 30 hadi 35 za avgas kwa saa, na avgas ni mafuta yanayoagizwa kutoka mbali kwa kiasi kidogo, tofauti na Jet A-1, mafuta ya ndege za jeti, inayokuja kwa meli nzima nzima. Injini yake hufanyiwa ukarabati mkubwa karibu na saa 2,000, na fedha hiyo hutengwa kidogo kidogo kwenye kila saa unayolipia. Kuna ukaguzi wa kila saa 50 na wa kila saa 100. Shule inayotoza bei ya chini sana kuliko jirani zake inabana mahali fulani, na mara nyingi inabana karakana.

Kitu kimoja wazazi hawakiulizi, na kinakula fedha nyingi, ni mita inayotumika kutoza. Piga picha ya asubuhi ya kawaida Wilson. Cessna 172 imesimama kwenye mstari wa kusubiri, mbele yake Caravan mbili, ndege ndogo za abiria, zilizojaa watalii wa Mara na Dash 8 moja, nyingine iko njiani kutua. Propela inazunguka taratibu, mizunguko kama 1,000 kwa dakika. Dakika 15 zinapita. Mita ya Hobbs, ambayo kwa kawaida huanza kuhesabu presha ya oili inapopanda, imesoma robo saa nzima: dola 55 kwa bei ya mfano wetu. Tacho, mita ya aina ya pili, hufuata kasi ya injini, kwa hiyo kusubiri kulekule kungesomeka kama dakika 6 hivi. Uchungu wake ni kwamba dakika hizo zinaingia kwenye daftari la saa za mwanafunzi, ila hazimfundishi kutua. Saa zinatimia, mkono haujakomaa, na masomo ya ziada yanaanzia hapo. Shule inayotoza kwa tacho, au inayopeleka wanafunzi kufanyia mizunguko ya kutua kwenye kiwanja kisicho na msongamano, inaweza kuwa nafuu hata kama bei yake ya saa iko juu kidogo.

Wilson iko kwenye mwinuko wa takriban futi 5,500. Mchana wa jua kali hewa huwa nyepesi, na 172 yenye watu wawili na matangi yaliyojaa hupanda kwa shida. Mwanafunzi anayepewa nafasi za saa saba au saa nane mchana kila mara anapata masomo mafupi na yanayofutwa, tena machache mno ya kupaa. Tazama ratiba ya shule: nafasi za saa moja hadi saa tatu asubuhi zinagawanywaje?

Mafunzo hukwama zaidi kwa sababu ya fedha kuja kwa mafungu. Familia inalipa, kijana anaruka saa 40, fedha inakata miezi minne, kisha anarudi na kulazimika kurudia saa tano au nane ili mkono urudi. Ikitokea mara tatu, amelipa saa 15 hadi 24 zisizomsogeza popote. Ni heri kusubiri mwaka mzima na kuanza fedha ikiwa tayari yote. Ila iwe tayari benki kwako, usiikabidhi shule kwa mkupuo. Lipa kwa vifungu vya saa 10 au 20. Shule ya ndege inaweza kufunga milango kama biashara nyingine yoyote, na mwanafunzi aliyelipa yote mapema husimama kwenye foleni ya wadai pamoja na muuza mafuta.

Tuseme leseni imepatikana. Sasa ndiyo foleni. Kampuni za Caravan zinazozunguka Serengeti, Mara, Zanzibar na Lamu huongozwa na masharti ya bima, na mara nyingi bima haimtaki mtu wa saa 200 akiruka peke yake na abiria. Njia inayotumika sana ni kusomea ukufunzi na kufundisha wengine. Shule yenye wanafunzi wengi inaweza kumpa mkufunzi saa 50 kwa mwezi. Saa 1,300 zilizobaki hadi 1,500 zitamchukua miezi 26. Shule iliyolala ikimpa saa 15, safari hiyohiyo ni zaidi ya miaka saba. Kabla hujachagua pa kusomea, angalia kama shule inaajiri wahitimu wake kuwa wakufunzi. Hilo lina thamani kuliko punguzo la ada.

Wakati wa kusubiri una gharama zake. IR inahuishwa kila mwaka, cheti cha afya cha daraja la kwanza kila mwaka, na anayebeba abiria sharti awe amepaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90. Asiye na kazi hulipia haya yote mfukoni.

Ukiingia kazini, usitazame tarakimu moja tu ya mshahara. Malipo mengi yana sehemu mbili: mshahara wa msingi, na posho za saa za kuruka na za kulala nje. Ndege ikilala, posho hulala nayo. Mwaka 2022 baadhi ya Airbus A220 za Air Tanzania zilisimama kwa tatizo la injini za PW1500G ambalo lilisumbua kampuni nyingi duniani, na hakuna rubani popote anayeweza kulizuia jambo la aina hiyo kwa bidii yake. Mwezi Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma, na mfuko wao wa akiba ulikuwa kiini cha mgogoro. Jetlink ilisimama 2012, na Fastjet Tanzania ikasimama mwishoni mwa 2018. Hapo kuna jambo ambalo daktari au mhasibu halijui: rubani akihamia kampuni nyingine, kwa kawaida anaanza chini ya orodha ya ukubwa kazini. Zamu, likizo na zamu ya kuwa kapteni hufuata orodha hiyo. Uzoefu unauchukua, cheo mara nyingi hukichukui.

Maisha yenyewe hutegemea ndege. Rubani wa Caravan hutua mara sita au nane kwa siku kwenye viwanja vya changarawe, hupakia mizigo mwenyewe, hupima uzito, hufukuza swala kwa kupita chini kabla ya kutua, na anaweza kulala kambini wiki nzima. Ni kazi tamu kwa kijana asiye na familia, na hujenga mkono kuliko kazi yoyote nyingine. Wa ATR au Embraer hurudi nyumbani karibu kila usiku, lakini huamka saa tisa usiku. Wa masafa marefu hupumzika siku nyingi mfululizo, ila siku mbili za kwanza mwili bado uko Guangzhou au New York. Mipaka ya uchovu inayotumika nchi nyingi ni saa 100 za kuruka ndani ya siku 28 na 900 hadi 1,000 kwa mwaka. Tarakimu hiyo isikudanganye: saa za kuruka ni sehemu ndogo ya saa za zamu.

Na afya. ICAO inataka kila jicho lisome 6/9 na yote mawili pamoja 6/6, miwani ikiruhusiwa, pamoja na kipimo cha moyo, masikio na rangi. Daktari mwenye shida ya sikio ataendelea kutibu. Rubani aliyepoteza kabisa cheti cha afya hashiki usukani wa ndege ya abiria tena, hata akiwa na saa 10,000. Bima ya kupoteza leseni ipo, na asiyekuwa nayo anaicheza bahati nasibu nyumba yake. Kwa hiyo gharama ya kwanza kabisa iwe uchunguzi wa daraja la kwanza kwa daktari aliyeidhinishwa, kabla ya kulipa hata shilingi ya fomu.

Tulinganishe basi. Daktari husoma miaka mitano au sita na mmoja wa mafunzo kazini, na anaweza kuomba mkopo HESLB au HELB. Udhaifu wake ni mwanzo, kama mgomo wa Kenya wa 2024 ulivyoonyesha pale madaktari wanafunzi walipodai shilingi 206,400 za mkataba wa 2017 na serikali ikataka kuwapa 70,000. Hata hivyo ajira yake haitegemei bei ya mafuta. Mwongoza ndege hufunzwa CATC Dar es Salaam au East African School of Aviation Nairobi, na anayefunzwa akiwa ameshaajiriwa haanzi maisha na deni. Baharia wa vyuo vya DMI (Dar es Salaam) au Bandari Maritime Academy (Mombasa) anahitaji miezi 12 ya baharini kwenye mpango ulioidhinishwa ili awe ofisa wa zamu. Analipwa dola, lakini hukosa harusi na misiba kwa miezi sita.

Anayetuvutia zaidi ni fundi wa ndege mwenye leseni. Kwa ICAO anahitaji uzoefu wa miaka minne, au miwili baada ya kozi iliyoidhinishwa. Hanunui saa kwa dola 220, hadaiwi macho ya daraja la kwanza, na ndege inapolala chini ndipo anapohitajika zaidi. Kilele chake kiko chini ya cha kapteni. Lakini kwa familia yenye dola 15,000 badala ya 60,000, huu ndio mlango wa anga tunaoupendekeza bila kusita.

Tarakimu za Marekani zinazosambaa mitandaoni ni za kweli: mwaka 2023 mshahara wa kati wa marubani wa mashirika ya ndege huko ulikuwa dola 219,140. Zinataka haki ya kufanya kazi Marekani na, kwa wengi, saa 1,500, sharti lililotokana na ajali ya Colgan Air 3407 ya 2009. Aliyesomea huko kwa leseni ya FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, na kurudi nyumbani ajiandae kwa mitihani na jaribio la kubadilisha leseni. Ghuba ndiyo njia halisi zaidi kwa marubani wa kwetu, na nako huingii na saa 200.

Kwa aliye na fedha yote taslimu, cheti cha afya mkononi na umri usiozidi miaka 25, tunasema anunue. Kwa anayekopa kwa riba ya benki ya biashara, tunasema asinunue, maana marejesho yataanza kabla ya mshahara. Na siku ya kwenda kukagua shule, chagua Aprili, mvua zikiwa zimekolea. Omba waonyeshe kitabu cha nafasi za ndege cha wiki mbili zilizopita, hesabu masomo yaliyofutwa, kisha ingia karakana uone ni ndege ngapi kati ya zile za kwenye tangazo ambazo bado zina propela.