Koasta ya Mbale, Sipi na Kapchorwa kwa siku moja: safari nzuri, ratiba imepinduka

Safari hii inauzwa Mbale, mji wa mashariki mwa Uganda, na zaidi ya mtu mmoja, na karibu wote wanaipanga vilevile: mjini mnaondoka saa moja na nusu asubuhi, mnapitia Nabugoye, kilima cha jamii ya Wayahudi wa Uganda, mnapanda hadi maporomoko ya Sipi, mnachungulia Kapchorwa, jioni mnarudi. Inayopimwa hapa ni ya kampuni ndogo ya mjini, yenye koasta moja na mwongozaji mmoja anayejua Kiswahili, Lugisu na Kiingereza. Gari ni zima, mwongozaji anaijua kazi yake. Tatizo ni mpangilio wa siku.

Mlima Elgon, ambao Wagisu wanauita Masaba, hujitanda mawingu kadiri mchana unavyosonga, na majira ya mvua ikinyesha huwa ni alasiri. Ratiba inaanzia Nabugoye, hivyo mnafika Sipi kwenye saa tano, mnakunywa chai, na mnaanza kuteremka kwenye poromoko saa sita hivi. Huo ndio wakati mngepaswa kuwa mnapanda kurudi. Mkiwa kikundi, waombeni siku moja kabla wageuze: Sipi kwanza, Nabugoye mkirudi. Wanakubali, ila ukiwaambia asubuhi stendi watakwambia mwenyeji wa Nabugoye ameshapewa taarifa.

Kuhusu viti. Chukua upande wa kushoto. Mkitoka mjini kuta za Wanale, miamba inayoinuka juu ya mji, ziko kulia, na baada ya mvua utaona michirizi myeupe ya maji ikining'inia kwenye mwamba, lakini hayo unayaona bure hata ukiwa Mbale. Mkishapita Sironko na kuacha barabara ya Moroto, mnakata kulia kuanza mlima, na kuanzia hapo bonde lote liko kushoto: tambarare inayokwenda Karamoja, na siku hewa ikiwa safi mlima Kadam unasimama peke yake kule mbali. Epuka kiti cha kukunja cha katikati, hakina pa kuegemea kwenye kona. Epuka pia mstari wa mwisho, kwa sababu mkia wa koasta umetokeza nyuma ya tairi na kila tuta linakurusha. Anayetapika safarini akae mbele na asile rolex (chapati iliyokunjwa na mayai) ya mafuta mengi stendi.

Lami ni nzuri hadi Kapchorwa. Mbale iko mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari, Sipi 1,700 na zaidi, kwa hiyo sweta si mzigo wa bure.

Maporomoko ni matatu. Wengi wanadhani wamekuja kuona lile kubwa tu la chini, lenye urefu unaokaribia mita 100. Kuliona kutoka juu ya barabara ni dakika tano na picha mbili. Kulifikia chini ni shughuli: njia inapita mashambani mwa watu, kati ya migomba na mibuni, kisha ngazi, kisha udongo mwekundu wa volkano ambao ukilowa unateleza kama sabuni. Kushuka ni nusu saa, kupanda hesabu saa nzima kama hujazoea. Raba zenye soli iliyolika ndizo zinazoangusha watu hapa. Afadhali gambuti za kukodi kijijini, lakini zijaribu kwanza na soksi nene, maana gambuti kubwa kwenye ngazi ni mbaya kuliko kandambili. Poromoko la pili lina pango nyuma ya maji, unaingia ukitoka umelowa. Simu iwe kwenye mfuko wa nailoni. Kwa muda unaotolewa, saa mbili na nusu, mtayaona mawili vizuri. Mwongozaji akisema matatu yote, mtakuwa mnakimbia. Jina Sipi, wenyeji wanasema, limetokana na sep, mmea wa kando ya mto unaofanana na mgomba, na mwombe akuonyeshe, kwa sababu wengi wanaupita bila kuutambua.

Kinachowaudhi abiria ni ada za njiani. Ardhi ni ya watu binafsi, na kila geti dogo lina mwenyewe anayedai chake. Bei ya safari hii inajumuisha mwongozaji wa kijijini na chakula cha mchana, lakini ada za mageti haijumuishi, na jambo hilo halisemwi mpaka mfike getini. Beba noti za 1,000, 2,000 na 5,000, kwani ukitoa ya 50,000 chenji haitapatikana.

Kahawa ndiyo sehemu bora ya siku nzima, nayo haipaswi kukatwa hata kidogo. Mwenye shamba anaanzia kwenye tunda jekundu la arabika: linamenywa kwa mashine ya mkono, buni zinalala majini zichachuke ule utelezi uachie, zinaoshwa, zinaanikwa kwenye vichanja. Iliyokauka inatwangwa kwenye kinu kuondoa ganda jembamba, inapepetwa kwa ungo, halafu inakaangwa kwenye sufuria juu ya kuni. Hapo sikiliza: inalia pa, pa, kama bisi zinazoanza. Ukiitoa wakati huo unapata kahawa yenye uchachu mzuri, ukingoja iwe nyeusi unakunywa moshi. Kilo moja ya buni inatoka kwenye kilo kama 5 au 6 za matunda, ndiyo maana mkulima anakasirika ukichuma mabichi kwa ajili ya picha. Matunda mengi huiva kati ya Septemba na Januari. Nje ya miezi hiyo utaona hatua za mwisho tu.

Chakula ni matoke na malewa, yaani machipukizi ya mwanzi yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa na karanga. Yakiiva vizuri yanatafunika kama nyama laini. Yasipolowekwa vya kutosha ni kamba tupu.

Kapchorwa iko kilomita kama 15 mbele, na dakika 40 mnazopewa hazina faida. Ndiyo, ni nchi ya Joshua Cheptegei, bingwa wa Olimpiki wa mita 10,000 mwaka 2024, na ya Stephen Kiprotich aliyeshinda marathoni ya London 2012. Lakini wakimbiaji hutoka alfajiri. Saa tisa alasiri utakuta boda na maduka ya soda. Muda huo uende Nabugoye.

Huko kuna historia yenyewe. Semei Kakungulu, jemadari wa Buganda aliyeuanzisha mji wa Mbale, alikosana na Waingereza, na mwaka 1919 akashika dini ya Kiyahudi pamoja na wafuasi wake. Alifariki 1928. Wakati wa utawala wa Idi Amin dini hiyo ilipigwa marufuku na wengi wakaiacha, waliobaki ndio Abayudaya wa leo. Mwaka 2004 walianzisha na majirani zao Waislamu na Wakristo ushirika wa kahawa. Mwongozaji analisimulia hili vizuri kuliko kitu kingine chochote. Msipange Jumamosi: ni Sabato, kamera haziruhusiwi na biashara hakuna.

Kushuka mlima, sikiliza gari. Dereva mzuri anarudisha gia ya pili kabla ya mteremko na unasikia injini ikinguruma, mguu unagusa breki kwa vipindi. Akiachia nyutro kuokoa dizeli, au mkianza kusikia harufu ya breki zinazoungua, mwambieni asimame dakika 15 zipoe. Si utovu wa adabu, na dereva wa hii koasta alipoambiwa alisimama bila maneno.

Nyota tatu na nusu kwa ratiba kama ilivyo, nne na nusu ikigeuzwa.