Wino mweusi niliouziwa Mwanga ulivyofuta katiba ya kina mama wa Kagunga

Katriji za printa, vile visanduku vya wino, najaza mwenyewe nyumbani muda mrefu sasa, na kila aliyeniuliza kama inafaa nilimjibu jaza, achana na kununua mpya kila wino unapoisha. Leo akija mtu kuniuliza nitasita. Kujaza hakujanishinda. Aliyenishinda ni muuzaji wa wino.

Printa yangu ni Canon MG2540S, iko sebuleni kwangu hapa Mwanga, Kigoma mjini. Majirani wanakuja na flashi zao: barua za kuomba kazi, wasifu, mitihani ya tuisheni. Katriji zake ni PG-445 nyeusi na CL-446 ya rangi, na hedi ya kuchapia, yaani sehemu yenye matundu madogo yanayotoa wino, imo ndani ya katriji yenyewe. Ukiendelea kuprinti wakati imekauka unaiunguza, kwa sababu wino unaopita ndio unaoipoza. Kwa hiyo usisubiri karatasi itoke na mistari myeupe.

Kujaza kwenyewe hakuna ugumu. Bandua lebo ya juu, utaona tundu. Ingiza sindano mpaka iguse sponji, sukuma polepole mno, na ukiona wino umeanza kuchungulia juu, acha, vuta nyuma kidogo. Ya rangi ina vyumba vitatu, na kila fundi atakuambia mpangilio wake. Usimsikilize. Chovya kijiti cha meno kwenye kila tundu, safi kwa kila moja, uone kinatoka na rangi gani. Kisha gusisha hedi kwenye tishu mpaka iache alama iliyokolea. Printa ikileta E16 ikidai wino umeisha, shikilia kitufe cha Stop sekunde 5 au zaidi, itaendelea na kazi.

Sasa wino. Hapa ndipo hasira yangu ilipo, nivumilieni.

Katriji ile nyeusi kiwandani imewekwa wino wa pigimenti. Rangi yake ni chembechembe ndogo sana zinazoelea kwenye maji, zikifika kwenye karatasi zinakaa juu na kushika. Ya rangi ina wino wa dayi, ambao rangi yake imeyeyuka kabisa kama chumvi kwenye mchuzi, inazama ndani ya karatasi, na maji yakifika inaondoka nayo. Hata ule mweusi wa Epson L3110, ile printa ya matanki ya wino, ni dayi. Kwa hiyo chupa mbili zinaweza kuwa nyeusi vilevile machoni na zikawa vitu viwili tofauti. Na huwezi kuzichanganya hovyo pia: pigimenti ukiitia kwenye hedi ya dayi inaweza kuziba matundu, na zikikutana ndani ya sponji moja zinaweza kugandana.

Hayo nilikuwa nayajua nilipoingia dukani. Ndiyo maana niliuliza. Nilimwambia, "Kaka, nataka mweusi wa pigimenti, wa Canon." Chupa aliyonipa ilikuwa imeandikwa rangi na majina ya printa tu. Nikamuuliza tena, huu ni pigimenti? Akajibu bila kuinua macho kwenye simu, "Dada, wino ni wino. Ndio huohuo." Alisema ndio. Nikalipa.

Kazi ikatoka nzuri, sikatai. Herufi zimekolea, hakuna mistari. Kama ningeandika wiki ile ningempa sifa zote.

Basi msimu wa mvua uliopita wakaja kina mama wa kikundi kutoka Kagunga. Walikuwa wanaomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani ambayo 4 ni za wanawake, na kikundi lazima kiwe na katiba. Niliwachapia, wakaenda nayo kijijini wanachama wote wasaini, wairudishe mjini. Kutoka Kagunga unakuja na boti mpaka Kibirizi, hapa Kigoma mjini, na Ziwa Tanganyika likichafuka maji yanaingia botini, hilo kila mtu wa huku analijua.

Mwenyekiti wao alinifikia khanga zikiwa zimelowa. Akafungua mfuko wa rambo, akanipa karatasi. Kurasa zilikuwa na ukungu wa zambarau kuanzia juu mpaka chini, vifungu vimeogelea kimoja ndani ya kingine. Lakini ukurasa wa mwisho, sahihi zilizopigwa kwa kalamu ya Bic zilikuwa wima, moja baada ya nyingine, hata dole gumba la bibi mmoja lilionekana. Wino wa kalamu ile ni wa mafuta, maji hayauwezi. Mama yule akaniangalia, akasema, "Mwanangu, sahihi zetu zipo. Sasa tumesainia nini?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba aketi, nikanunua katriji mpya kabisa, nikachapa upya bila kumtoza. Lakini sahihi sikuweza kumrudishia. Ilibidi arudi ziwani, azunguke tena nyumba kwa nyumba.

Nikaenda dukani na zile karatasi. Nilisalimia vizuri, nikamwonyesha. Kijana akazitazama akasema, "Mimi nauza wino, siuzi mwavuli." Mbele ya wateja. Wawili wakacheka. Nilimwambia hela yangu airudishe, akaniambia chupa ikishafunguliwa hairudishwi. Nilimuuliza mara ya tatu kama wino ule ni pigimenti, safari hii akasema yeye hajui, analetewa tu.

Hajui! Na alinijibu ndio.

Kwa hiyo siku ile niliapa sijazi tena, na nilimwambia kila mtu asijaze. Nikashikilia msimamo huo mpaka nilipohesabu bei ya katriji mpya kwa kazi za tuisheni peke yake, nikaona nawaonea majirani. Nikaagiza chupa kutoka Dar, imeandikwa wazi pigimenti na namba ya katriji. Nikachapa mstari mmoja, nikauacha ukauke vizuri, nikadondoshea maji na kupitisha kidole. Ulibaki. Nilifurahi na nikakasirika papo hapo, kwa sababu hicho ndicho nilichoomba tangu mwanzo.

Jaza, basi, lakini dondoshea maji karatasi ya kwanza kabla hujamchapia mtu kitu cha kupeleka ofisini. Barua ya shule ya mtoto, dayi inatosha. Katiba, mkataba, hati ya kiwanja, hapana. Duka lile silipendekezi kwa yeyote. Lipo palepale, chupa zilezile zimepangwa mbele, na juzi nimepita nikamkumbusha kijana hela yangu. Nitapita tena.