IPA ya ukungu na levire ya pori, tumeionja hapa Goma

Bandugu, hii bia nimeipenda kweli! Shemeji ameitosha Ubelgiji, ni IPA (bia yenye wanatiaka hopu mingi, ile maua ya kuleta uchungu na harufu), ile ya ukungu, lakini wameichachusha na Brettanomyces (Brett), levire (chachu) ya pori, ile yenye wanatiaka pia ndani ya Orval, bia ya watawa wa Ubelgiji. Rangi haifanane na Primus hata kidogo, ni chungwa nzito, ukiweka kidole nyuma ya glasi haukione, juu ya ngano mingi na hopu zenye wanaongeza bia ikiwa ndani ya tanki. Harufu inatangulia, marakuja, nanasi yenye imeiva sana, kisha nyuma kunatokea kitu sawa ngozi na majani makavu, hiyo njo levire yenyewe, na wenye wamezoea kasiksi (bia ya ndizi) hawatashituka. Mdomoni iko laini, uchungu kidogo tu, lakini mwisho inakauka kabisa juu Brett inakulaka sukari yenye levire ya kawaida inashindwa kumaliza. Musiikunywe baridi kali, tafazali, baridi inaficha harufu yote, muitoshe kwa frigo dakika 10 mbele. Na sambaza (samaki ndogo za ziwa) za kukaanga, ndimu juu, weee, mukebe moja haitoshe.