Kupima mipango ya shule Uingereza: kura au kukaa darasani?
Swali hili halikomi: mpango wa kuwasaidia wanafunzi upimwe kwa jaribio la kura, yaani kuchagua shule kwa bahati nasibu, au kwa kukaa darasani na kuwasikiliza walimu?

Kwa kuaminika, kura iko mbele. Shule zinagawanywa kwa bahati, baadhi zinapata mpango, nyingine zinasubiri, kisha matokeo yanalinganishwa. Hivyo ndivyo Education Endowment Foundation, shirika la hisani linalofadhili utafiti wa elimu, ilivyopima kifungua kinywa cha bure: watoto wa darasa la pili waliwapita wenzao kwa kama miezi miwili ya masomo. Kifungua kinywa tu! Lakini kwa nini? Hapo alama za mtihani zinanyamaza. Mwalimu ndiye anayeona darasa limetulia.

Gharama ni kinyume chake. Kura hula fedha na mwaka mzima. Mahojiano yanataka daftari na siku chache, ingawa anayeupenda mpango atausifu tu.

Tena kura haiwezekani kila mahali. Pupil Premium, fedha za ziada za serikali, tangu 2011 inalipwa kwa shule zote za umma zenye wanafunzi maskini. Utalinganisha na nani?

Ukiwa wizarani, unataka kusambaza mpango nchi nzima, gharamia kura. Ukiwa mkuu wa shule moja, kaa kwanza dawati la nyuma wiki mbili.